Jeni ya karibu si lazima iwe ndiyo
Unauliza kama uchukue jeni iliyo karibu zaidi na alama ya DNA (mahali ambapo herufi hutofautiana kati ya mtu na mtu) iliyohusishwa na ugonjwa katika uchunguzi wa jenomu nzima, yaani iliyopita kizingiti cha p cha 5×10⁻⁸. Usikimbilie. Alama za unene zimo ndani ya jeni ya FTO, lakini zinaathiri utendaji wa jeni nyingine, IRX3, iliyo mbali kwa takriban herufi 500,000 za DNA. Orodhesha jeni zote hadi herufi milioni moja kila upande, kisha angalia zipi zinafanya kazi kwenye tishu inayougua.

Kwa mbwa wa mbari moja, vipande vya DNA vinavyorithiwa pamoja ni virefu: mbwa wachache wanatosha kupata eneo lenye jeni, ila kulifupisha eneo hilo ni kazi. Ongeza mbari ya pili yenye ugonjwa uleule. Narkolepsi (ugonjwa wa kusinzia ghafla) ya mbwa wa mbari ya Doberman ilionyesha HCRTR2, jeni ya kipokezi cha oreksini (kemikali ya ubongo inayotuweka macho), mwaka 1999. Kwa binadamu kipokezi hicho kwa kawaida ni kizima, kinachopungua ni oreksini yenyewe.