NSU Ro 80 iliponzwa na injini
Umeuliza NSU Ro 80, gari la kampuni ya NSU ya Ujerumani, ilikufaje, na kama ni sura iliyoiponza. Hapana ndugu, sura haikuwa shida: injini ndiyo iliyoiponza. Ilitoka 1967, na tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya ya 1968 ikaibeba. Pedali ya klachi haina; ukishika tu kichwa cha gia, klachi inajiachia yenyewe. Tatizo ni ile injini ya Wankel: badala ya pistoni ina rota za pembe tatu, na sili (vizibo vya kuzuia gesi isivuje) za kwenye ncha zake zililika mapema mno. Injini kibao zikabadilishwa kwa waranti, pesa zikakata, na 1969 Volkswagen wakaichukua NSU na kuiunganisha na Auto Union, kampuni yao nyingine ya magari. Hadi inasimamishwa 1977 yalikuwa yametoka magari kama 37,000 tu. Lakini lile umbo lililochorwa na mbunifu Claus Luthe, mpaka leo halijachuja.