Maswali yenu: dawa za kutuliza tumbo na kibofu, na ile orodha ambayo hamnitumii

Leo ni zamu ya dawa za antikolinajiki, hizi za kutuliza msokoto wa tumbo na kibofu kinachobana ovyo: Buscopan, oksibutinini, tolterodini, solifenasini na wenzao. Nishawaomba mara nyingi jamani, ukiuliza habari ya dawa niandikie umri wako na dawa ZOTE unazokunywa, hata ya mafua, hata ya usingizi. Kwenye maswali haya yote hakuna hata mmoja aliyeandika vyote viwili. Tuendelee hivyohivyo.

Dokta tumbo linanisokota, nitumie Buscopan?

Tumbo upande gani? Tangu lini? Una homa, unatapika, choo unapata? Swali hili linakuja kila mara kwa maneno yaleyale na halijibiki hivi. Buscopan inalegeza misuli ya utumbo iliyokaza, kwa hiyo ule msokoto wa kuja na kuondoka inausaidia kweli. Lakini kama tumbo limejaa, hupati choo wala hujambi, unatapika, au maumivu yamehamia chini kulia na hayaachi, usimeze chochote, nenda hospitali leo. Utumbo ukiwa umeziba, dawa ya kuulegeza inazidisha balaa.

Nimeanza oksibutinini wiki iliyopita, mdomo umekauka mpaka chakula kikavu hakipiti. Niache?

Usiache kimyakimya, rudi kwa aliyekuandikia. Mwilini kuna kemikali inaitwa asetilikolini, ndiyo inayopeleka amri kwenye kibofu kijikaze, ila hiyohiyo inaamrisha mate yatoke, utumbo usukume, jasho litoke, na jicho lijirekebishe kuona karibu. Dawa inaizuia kote, haijui kuchagua kibofu peke yake, ndo maana mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, maandishi yanakuwa na ukungu na moyo unaweza kwenda mbio. Oksibutinini ya kawaida inasifika kwa kukausha mdomo kuliko zinazotoa dawa polepole au ile ya kubandika kwenye ngozi, kwa hiyo kubadilishiwa inawezekana. Kwa sasa kunywa maji funda mojamoja, tafuna bazoka isiyo na sukari, na meno piga mswaki kwa bidii maana bila mate yanaoza haraka. Na wiki moja ni mapema kusema haifanyi kazi, nafuu kamili inaweza kuchukua wiki 4 au zaidi.

Halafu kwenye joto kali angalia sana. Jasho likipungua mwili haupoi, mtu anaweza kuanguka.

Mama yangu ana miaka 76, tangu apewe dawa ya kibofu anaweweseka usiku, anasahau, anaona watu wasiokuwepo. Ndugu wanasema ni uzee tu. Ni kweli?

Hapana dada yangu, na nakuomba usikubali hilo jibu. Uzee hauingii ghafla hivyo. Mtu aliyekuwa timamu akachanganyikiwa ghafla ana sababu, na sababu inatafutwa: inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa UTI, upungufu wa maji, au mkojo umejaa hautoki. Mpeleke akapimwe, leo au kesho, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Na ukienda beba mfuko mzima wa dawa zake. Hapa ndipo ninapopigia kelele kila siku. Dawa ya kibofu kama oksibutinini inapenya mpaka kwenye ubongo, na mara nyingi haiko peke yake: mzee anakunywa amitriptilini ya maumivu ya neva, Piriton ya mwasho, prometazini ya usingizi, pengine na benzeksoli ya kutetemeka, na zote hizo zinazuia asetilikolini ileile. Kila moja imeandikwa na mtu tofauti, kila moja peke yake inaonekana ndogo, hakuna aliyezijumlisha. Mkusanyiko ndio unaomwangusha mzee. Kama anatumia donepezili ya kumbukumbu ndo mbaya zaidi, maana hiyo inaongeza kilekile ambacho dawa ya kibofu inakizuia. Madaktari wa wazee Marekani wana orodha iitwayo Beers, iliyoanza 1991, na dawa nyingi za kundi hili zimo kwenye zile za kuepukwa kwa wazee.

Muulizeni daktari kuhusu trospiamu, ambayo haipenyi kirahisi kwenye ubongo, au mirabegroni inayotumia njia nyingine kabisa, ila presha yake ipimwe kwanza.

Baba ana tezi dume, usiku anaamka mara 5. Anaweza kunywa vidonge vya mke wangu vya kibofu?

Hapana. Kama tezi imebana njia na wewe unakilegeza kibofu, mkojo unaweza kugoma kabisa mpaka awekewe mpira wa kutolea mkojo. Wapo wanaume wanaopewa, lakini baada ya kupimwa mkojo unaobaki kibofuni, tena pamoja na dawa ya tezi. Apimwe na sukari pia, kuamka mara 5 si tezi kila wakati. Na hii tabia ya kugawana vidonge nyumbani iacheni.

Mtoto ana miezi 3, analia sana jioni, nimpe matone ya disaiklomini?

HAPANA. Hiyo nayo ni ya kundi hilihili, na chini ya miezi 6 ni marufuku, watoto wamepata degedege, wameshindwa kupumua, wengine wamekufa.

Nina presha ya macho, naruhusiwa?

Inategemea aina. Ile ya pembe nyembamba, yaani njia ya maji ndani ya jicho ni finyu, hapana, na daktari wa macho ndiye anayeijua. Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu na taa zina duara za rangi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Zamani vidonda vya tumbo vilitibiwa na propantelini, mbona siku hizi hawaandiki?

Propantelini nayo ni ya kundi hili, na imeachwa kwa sababu chanzo kikubwa cha vidonda kilijulikana. Madaktari wa Australia, Warren na Marshall, waligundua bakteria wa H. pylori, wakapata tuzo ya Nobel 2005, sasa mtu anapimwa na kupewa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi. Mwenye kiungulia ndo aziogope kabisa hizi dawa, zinalegeza mlango wa juu wa tumbo na asidi inapanda.

Kuna njia ya kutuliza kibofu bila dawa?

Ipo, na ilitakiwa ianze kabla ya dawa. Siku 3 andika saa unazokwenda. Kama ni kila saa, sogeza dakika 15, hamu ikija simama tulia, kaza misuli ya chini kama unazuia kujamba, ikipita ndo uende. Ukizoea ongeza dakika 15 nyingine mpaka uweze kukaa masaa 3 au 4 bila kwenda, ni kazi ya wiki 6 hivi. Punguza kahawa na chai, lakini maji usiyakate, mkojo mzito unachokoza kibofu. Choo kigumu kitibu, maana kinakandamiza kibofu. Ila ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, acha mazoezi ukapimwe kwanza.