Mama yake Fela, kabla ya Fela

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, kwa ajili ya kipindi chako cha redio, kama Funmilayo Ransome-Kuti ndiye aliyemfanya mwanawe, mwanamuziki Fela Kuti, kuwa Fela, au ni umaarufu wa mwana uliomkuza mama. Hilo la pili lifute. Fela alizaliwa Abeokuta, Nigeria, Oktoba 1938. Kabla hajafika miaka 11, mama yake alikuwa ameshamng'oa mfalme kitini.

La kwanza linataka uangalifu. Muziki ulitoka zaidi upande wa baba. Babu yake, mchungaji Josiah Ransome-Kuti, alirekodi nyimbo za dini za Kiyoruba mjini London miaka ya 1920, na baba, mwalimu mkuu, alipiga piano. Alichopewa na mama ni namna ya kupambana, na hapo ndipo ningependa kipindi chako kikae. Wengi huanza na habari kwamba mama huyo aliendesha gari wakati wanawake hawaendeshi. Wewe anza na kodi.

Waingereza walitawala Abeokuta kupitia mfalme wa mji, ambaye cheo chake ni Alake, wakati huo Ademola wa Pili. Wanawake walitozwa kodi yao wenyewe, mbali na ya waume zao. Msichana alianza kulipa akiwa na miaka 15, mvulana 16. Kulikuwa na visa vya wasichana kuvuliwa nguo ili wakusanya kodi wakisie umri. Sokoni, wachuuzi walinyang'anywa mchele.

Funmilayo alikuwa na klabu ya wanawake wasomi tangu 1932, ya mapishi na ushonaji. Wachuuzi walipoanza kuja kujifunza kusoma, mazungumzo yakahama kutoka jikoni hadi kwenye mchele na kodi, na kufikia 1946 klabu ikawa Chama cha Wanawake wa Abeokuta. Yeye, aliyesoma Uingereza, akaacha magauni ya Kizungu akajifunga kitambaa kama wachuuzi. Mikutanoni akaongea Kiyoruba tu, hata mbele ya maofisa wa kikoloni. Asiyeelewa atafute mkalimani. Usilipitie hili haraka. Fela mwenyewe alieleza kwamba mama yake ndiye aliyemsukuma aachane na jazi na kupiga muziki ambao watu wake wanauelewa. Baadaye akahamia Pijini, Kiingereza cha mitaani, ili asikike hata nje ya Wayoruba.

Sasa angalia hatua zao, maana watu hudhani wanawake walijitokeza tu barabarani. Kwanza ziliandikwa barua za malalamiko. Zilipopuuzwa, chama kikamlipa mhasibu akague hesabu za utawala wa mfalme, ili hoja iwe na tarakimu. Kisha wakagoma kulipa kodi. Funmilayo mwenyewe akakamatwa. Maandamano yalipokataliwa kibali, wakayaita pikiniki. Kulikuwa na mafunzo pia: namna ya kujikinga macho na pua, na namna ya kuokota bomu la machozi na kulirusha lilikotoka. Mwishoni mwa Novemba 1947 zaidi ya wanawake 10,000 walikesha nje ya ikulu, wakimwimbia Alake nyimbo za matusi ambazo nyingine hazipiti redioni, hata usiku wa manane.

Kodi ile iliondolewa 1948, na Januari 1949 Alake akaachia kiti. Usiwafiche wasikilizaji wako kwamba alirudi kabla ya 1950 kwisha. Chama kilikuwa kimemwondoa mtu. Mfumo uliomweka, pamoja na wakubwa waliomuunga mkono, ulikuwa bado upo.

Ukishalijua hilo, Fela anaeleweka. Wimbo wake "Zombie" wa 1976 unawadhihaki wanajeshi kama wale wanawake walivyomdhihaki Alake. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 walivamia nyumba yake Lagos, aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta, wakaichoma. Mama, mwenye miaka 76, alitupwa nje kupitia dirisha la ghorofani. Alifariki 13 Aprili 1978 kutokana na majeraha. Uchunguzi wa serikali ulimtaja mhusika kuwa mwanajeshi asiyejulikana, na Fela akaligeuza jina hilo kuwa wimbo wa zaidi ya dakika 30, "Unknown Soldier". Mwaka 1979, mtawala wa kijeshi Obasanjo akikaribia kukabidhi madaraka, Fela alipeleka jeneza la kumwakilisha mama yake kwenye lango la Dodan Barracks, makao ya mkuu wa nchi. Malalamiko kupelekwa langoni kwa mtawala mwenyewe: hiyo ni Abeokuta ya 1947.

Ila kuna mahali mwana hakumfuata mama, na ukinyamaza wasikilizaji watakupigia simu. Mama alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwana katika "Lady" ya 1972 anamcheka mwanamke anayejiona sawa na mwanamume, na Februari 1978 alioa wanawake 27 kwa mpigo. Mimi sioni namna ya kuvipatanisha, wala usijaribu.

Halafu usimfanye Fela mwana pekee. Olikoye, daktari wa watoto, alikuwa waziri wa afya kuanzia 1985 hadi 1992. Beko, naye daktari, alitetea haki za binadamu hadi utawala wa kijeshi wa Abacha ukamfunga mwaka 1995, alitoka 1998. Kama una nafasi ya kumweka mtoto mmoja tu karibu na mama yake, mimi ningemweka Beko.

Mama yako