Nyama ya Kichina kwa sisi tunaorudi kutoka Mtumba jioni

Ukifanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, halafu unaishi upande wa pili wa Dodoma, siku ya kazi huna muda wa kuchemsha nyama ya ng'ombe mpaka iive. Hapo ndipo ninapoipigia debe sufuria ya umeme inayopika polepole. Na wala haimalizi LUKU kama watu wanavyoogopa: yenye wati 200 ikiwaka mfululizo kwa muda wa saa nane inakula yuniti 1.6. Jiko la wati 1,500 linazimaliza hizo kwa saa moja na dakika chache.

Ninachopika zaidi ni ile nyama na brokoli yenye mchuzi mweusi mtamutamu, kama ya kufungashiwa kwenye mgahawa wa Kichina.

Usihangaike na steki laini. Omba shingo au muundi. Muuza bucha atakushangaa: "Mama, hiyo si ya supu?" Mwambie, "Nikatie hiyo hiyo, kaka." Ng'ombe wetu wa kienyeji wanatembea sana kutafuta malisho, nyama yao imekaza, na zile nyuzi ngumu zinahitaji moto mdogo wa muda mrefu ndipo ziyeyuke na kuupa mchuzi uzito. Steki laini ukiiacha humo kutwa nzima inachambuka na kukauka.

Kata vipande vya unene wa kidole, ukikatisha nyuzi. Asubuhi vikaange upesi kwa mafuta ya alizeti, moto mkali, vichache vichache, mpaka vishike rangi ya kahawia. Wapo watakaokwambia uruke hatua hii. Ukiiruka nyama italainika vilevile, ila utakula nyama ya kuchemsha yenye soya. Kukata na kuchanganya mchuzi fanya usiku, uweke kwenye friji kila kimoja peke yake. Kukaanga kungoje asubuhi, maana nyama iliyoiva nusu si ya kulaza. Nyama iliyoganda nayo usiitumbukize humo, itachelewa mno kupata moto.

Kwa kilo moja natia nusu kikombe cha sosi ya soya, nusu kikombe cha maji, vijiko vitatu vya asali (ya Singida, ukiipata), punje tano za kitunguu swaumu na tangawizi iliyokwanguliwa. Chumvi iache kabatini, soya inatosha. Maji usiongeze hata ukiona ni kidogo. Kifuniko hakitoi mvuke, na nyama yenyewe itatoa maji. Funika, weka moto mdogo, nenda kazini.

Ladha ya mgahawani inakuja jioni. Koroga vijiko viwili vya konflawa kwenye maji baridi, mimina, pandisha moto uwe mkubwa kwa nusu saa. Mchuzi utaanza kung'aa na kushika kijiko. Brokoli ichemshe pembeni dakika tatu, uimwage maji, ndipo uichanganye. Ukiitia asubuhi utakuta rojo la kijivu linalonuka kabichi iliyolala. Brokoli ikikosekana sokoni, hoho na karoti zilizokaangwa kidogo zinatosha kabisa, na mimi hoho naipenda zaidi. Nyunyiza ufuta uliokaangwa. Wali ndio mwenzake, ingawa kwangu kuna anayeila kwa ugali na hana shida.

Sasa suala la umeme kukatika. Ukirudi majirani wakakwambia haukuwepo mchana kutwa, mwaga. Roho itauma, kilo ya nyama si bei ya mchezo, lakini kuna sumu za bakteria ambazo haziondoki hata uchemshe upya.

Kiporo kihamishie kwenye bakuli pana kipoe haraka, kisha friji. Kesho yake kipashe kwenye sufuria ya kawaida mpaka kitokote. Hii ya polepole si ya kupashia.