Niko ku matanga: ya bato ao ya kilio?

Swali: Yaya, niko Goma, siye vijana wanne tuko na kabato ka matanga, ni mitumbwi miwili iliyounganishwa. Mvua imezidi tukakatoa mu maji ili tukatengeneze. Nikaandika ku WhatsApp ya familia «leo siku nzima niko ku matanga», mama mdogo akapiga simu analia, anauliza nani amekufa. Rafiki anasema niandike vwali, ile voile ya Kifaransa. Neno gani ni sawa?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mama mdogo, lakini neno lako ni sawa kabisa. Shida iko mu hiyo «niko ku». Kwetu ukisema niko ku matanga, watu wanatafuta kitenge na wanaanza kuchanga franga, hakuna mwenye atafikiria kitambaa cha bato.

Kitambaa kimoja ni tanga, viwili ni matanga, unaweza kuvihesabu. Matanga ya msiba haihesabiwi, sijasikia mtu akisema alienda ku tanga ya jirani. Kwa hiyo kama mnashona kimoja andika tanga, limechanika, tunalishona, imeisha.

Kikiwa zaidi ya kimoja, kitenzi ndio kitakuokoa, na hapa ndio ninaumia maana tuko na vitenzi vingi vizuri lakini tunabakia na kutengeneza kwa kila kitu. Ku msiba tunakaa matanga, tunalala matanga, kisha tunaondoa matanga. Ku bato tunatweka tanga, ndio kulipandisha ku mlingoti, tunalitua, ndio kulishusha, alafu tunaliosha, tunalianika mu kivuli, tunalitia kiraka, tunalikunja likishakauka vizuri juu ukilikunja na maji kuvu italishika. Juzi hapa Bukavu niliona kijana anapitisha ukucha ku mshono wa tanga, polepole, toka juu mpaka chini, na uzi unakatika kila pahali, jua ilishaula, na kitambaa chenyewe bado kigumu. Yule hatengenezi tanga, anashona mishono upya. Sema hivyo, mwenye kusoma ataona kazi yenyewe.

Vwali hapana. Mu Kifaransa la voile ni tanga, le voile ni shela ya bibi arusi, ni hiyo «la» na «le» inazitenganisha, na siye hatuna. Utatoka ku kilio uingie ku arusi.

Na kama mtu atakuambia bato yenu ni ngalawa, hapana, ngalawa ni mtumbwi mmoja wenye magongo ya pembeni ya kuuzuia usipinduke. Yenu ni katamarani, neno limetoka Kitamil, maana yake miti iliyofungwa pamoja, na wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo, hapa ziwa Kivu wanafunga mitumbwi mitatu vilevile.

Mama mdogo mwandikie hivi: «Mama, tumetua matanga ya bato, tunayashona, siye wote tuko wazima.»