Kabla Hujaiuza Mbegu Yako, Wajue Wazazi Wake

Wiki hii mtafiti kijana wa maharage ameniandikia. Baada ya shikamoo akauliza: mbegu yake imeanza kupendwa na wakulima, na kampuni moja inaitaka. Aanzie wapi?

Mwanangu, anzia kwa wazazi wa mbegu, yaani zile aina ulizochavusha ukaipata. Kila mmoja alitoka wapi, nani alikupa, na kwa karatasi gani.

Yamenikuta. Maharage yangu ya njano yalipokuwa kwenye majaribio ya mwisho, ilikuja barua ya mwanasheria wa kampuni fulani ikidai mzazi mmoja ni mali yao. Niliwapelekea nakala ya mkataba wa kupokea vinasaba: mbegu ilitoka benki ya mbegu ya CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, kule Palmira, Kolombia, namba yake ipo, tarehe ipo, saini zipo. Hawakujibu tena. Leo mbegu hiyo inalimwa Nyanda za Juu Kusini na najivunia mno. Kilichoniuma, na hakijaisha, ni wenzangu ofisini walioanza kunikwepa kabla hata hawajaniuliza ukweli.

Na maharage ya njano yamegombaniwa kweli. Mmarekani Larry Proctor aliyanunua Mexico mwaka 1994, akachagua mbegu kwa misimu michache, na mwaka 1999 akapewa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani kwa jina la Enola. Waliokuwa wakiingiza maharage ya njano kutoka Mexico wakaanza kudaiwa. CIAT ilipinga mwaka 2000, ikionyesha kwamba benki yake ilikuwa na maharage ya namna hiyo siku nyingi. Mahakama ya rufaa ilikuja kumaliza shauri mwaka 2009, Proctor akashindwa. Miaka yote hiyo wakulima wa Mexico walikuwa wakipoteza soko! Bila kumbukumbu za kwenye makabati, wangetetewa na nini?

Vijana, mnakimbilia kupiga picha shamba la maonyesho, mkataba mnausaini bila kuusoma. Usomeni. Ukikuta umeandikwa "kwa utafiti tu", ombeni ruhusa ya biashara mapema, kabla hamjachavusha.

Tanzania iko UPOV, umoja wa nchi zinazolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, tangu 2015. Kutumia mbegu yenye haki ya mtu kama mzazi ili kupata aina mpya inaruhusiwa. Lakini yako ikiwa ni ileile iliyobadilishwa kidogo, huwezi kuiuza bila idhini ya mwenye haki. Hataza ni jambo jingine kabisa: nguvu yake ni ndani ya nchi ilikotolewa, kwa hiyo kagua kila nchi unakotaka kuuza.

Na wewe uliyeniandikia, usiiruhusu kampuni iuze hata mfuko mmoja kabla hujapanga tarehe ya kuomba haki ya mgunduzi. Kupitishwa mbegu iingie sokoni si kupewa haki hiyo. Ni maombi mawili tofauti. Ikishaanza kuuzwa nchini kwa ridhaa yako, una mwaka mmoja tu wa kuomba haki hiyo. Ukipita, mbegu haihesabiwi tena kuwa mpya, na miaka 20 ya ulinzi umeikosa.