Gloriosa ikianza kuwa manjano baada ya maua, FUNGA MAJI

Mkuu, weka chini hilo kopo la maji. Kwanza liweke chini, ndipo uendelee kusoma.

Umesema mkalamu wako, yaani hiyo gloriosa, mmea wa kutambaa unaoota kutoka kwenye viazi vya chini ya ardhi, ulichanua vizuri, maua yakaisha, sasa majani yanageuka manjano na kukauka. Umeongeza maji hadi mara mbili kwa siku na unataka kuweka samadi. Umeuliza pia kuhusu mbegu na fito za kuusimamisha. Mimi nimeganda hapo kwenye maji, kwa sababu ndivyo nilivyoua yangu. Vyungu sita, vya miaka minne.

Ilianza hivyohivyo. Maua yale mekundu yenye kingo za manjano yalipopukutika, majani yakapauka. Nikaenda kwa aliyeniuzia viazi vyake vya kupanda. Hakuuliza umeshachanua au bado, hakuuliza udongo ukoje. "Una kiu huo, mwagia asubuhi na jioni." Mtu anayekula kwa kuuza mimea! Hadi leo nikikumbuka nakasirika. Nikamwagia. Ukazidi kuwa manjano, nami nikazidi kumwagia. Wiki ya tatu nikagusa shina moja, likabaki mkononi. Nikapindua chungu: viazi vimekuwa uji wa kahawia, harufu kama ya samaki aliyechacha. Nikapindua cha pili, cha tatu, vyote. Kabla hamjaniambia ningechunguza mapema: mwenye duka kaniambia ni kiu, ningechunguza nini?

Katika vyungu vyote sita nilipata kipande kimoja kigumu, mkono mmoja wa kiazi, na kwa pupa ya kukichomoa nikakivunja ncha. Basi nacho kikaenda. Kiazi cha gloriosa kina umbo la V na si kama mbatata yenye macho kila upande. Chipukizi hutoka nchani mwa mkono tu. Nilikizika tena, nikakisubiri misimu miwili. Kilibaki kigumu, hakikuchipua.

Mmea huu hauumwi, unakwenda kulala. Ukishachanua, unarudisha chakula chini kwenye viazi vipya, kisha sehemu ya juu inakufa. Majani yakishaondoka, hakuna cha kunyonya maji unayomwaga, kwa hiyo yanakaa palepale na kiazi kinaoza. Zimbabwe wameufanya ua lao la taifa, na huko vichakani unapitisha kiangazi kizima chini ya ardhi kavu bila mtu wa kuumwagilia. Mvua zikirudi, unachipua wenyewe.

Kwa hiyo: majani ya manjano BAADA ya maua, maji basi. Samadi pia basi. Ungekuwa wa manjano kabla ya kuchanua, hiyo ingekuwa kesi nyingine, na hata hapo ningeanza kuangalia kama chungu kinatoa maji chini.

Usikate shina likiwa bado na ubichi, liache likauke hadi liachie lenyewe. Chungu kisogeze mahali ambapo mvua haikifikii. Viazi viache humohumo kwenye udongo, usichimbe "kuangalia tu", maana ndivyo ncha zinavyovunjika. Ukiona chipukizi limetokeza, ndipo urudishe maji, kidogokidogo. Ukilazimika kuvihamisha, vilaze ubavu kina cha sentimita 5 hadi 10, kwenye udongo wenye mchanga usiotuamisha maji.

Na ukivishika, vaa glavu, kisha nawa. Mmea mzima una sumu ya kolkisini, na viazi ndivyo vibaya zaidi. Sri Lanka wako watu waliokufa kwa kuvila wakidhani ni viazi vitamu. Kama una watoto au mbuzi nyumbani, chungu hicho kisikae chini.

Fito: yoyote nyembamba itafaa, ncha za majani hujisokota zenyewe. Lakini msimu huu huna cha kusimamisha, mkuu, una viazi vya kuokoa. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, uniambie: bado kuna unyevu? Na shina ukiligusa, limeshikilia?